Nyama kila siku ya nini? Shangazi anajibu barua zenu

Toleo lililopita niliandika hapa kwamba sisi watu wa mjini Tanga tumezidisha nyama ya ng'ombe na mbuzi, nikashauri mtu mzima mwenye afya yake aile siku mbili au tatu kwa wiki tu, siku zingine zote tule mbaazi, kunde, choroko, maharage, samaki na mboga za majani, kwa faida ya afya zetu na ya mazingira. Basi meseji zimeingia hadi simu ikajaa. Wengine wameshukuru, wengine wamenijia juu, na wengi wameuliza maswali ya maana kabisa ambayo sikuyagusa. Nimechagua haya machache, majina nimeyaacha kama kawaida yetu.

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni kuli bandarini, miaka 46, naishi Makorora. Asubuhi lazima nipige supu na chapati mbili, mchana wali nyama, jioni nikitoka kazini napitia mishikaki na bia mbili tatu. Juzi kidole gumba cha mguu kilivimba usiku kikawaka moto, hata shuka likigusa naona nakufa. Hospitali wakapima wakasema asidi ya yuriki iko juu na presha nayo imepanda, daktari kasema nipunguze nyama. Sasa shangazi mimi nabeba mizigo, hayo maharage yatanipa nguvu gani?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana, maumivu ya gauti ayajuaye ni aliyeyapata. Iko hivi, ndani ya nyama kuna vitu vinaitwa purini, mwili ukivivunja vinatoa asidi ya yuriki, na figo kazi yake kuitoa kwa mkojo, sasa ikizidi kuliko figo zinavyoweza inaganda na kuwa vichembe vyenye ncha kali kwenye maungio, na gumba la mguu ndo inapopenda kuanzia. Nyama nyekundu inazo, lakini maini, figo na vitu vya ndani vinazo zaidi. Bia nayo inaongeza asidi hiyohiyo na inazuia figo zisiitoe, yani hiyo jioni yako ya mishikaki na bia ni mizigo miwili unaibeba kwa pamoja. Soda za sukari pia hazikusaidii, usije ukaacha bia ukahamia huko.

Sasa hiyo ya nguvu. Nguvu ya kubeba gunia inatoka kwanza kwenye wanga, ugali, wali, muhogo, viazi, hiyo ndo mwili unachoma. Protini kazi yake ni kujenga misuli na kuikarabati, na mtu mzima anahitaji kama gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mtu wa kilo 70 ni gramu 56 kwa siku, wewe wa kazi ngumu ongeza kidogo. Robo kilo ya maharage makavu ina gramu 50 na zaidi za protini. Sikwambii uimalize peke yako kwa siku, lakini hesabu mwenyewe, asubuhi bakuli la mbaazi, mchana sahani ya wali na maharage ya kutosha, jioni ugali na kipande cha samaki na kisamvu, utakuwa umefika na umepita, manake hata ugali na wali vina protini yake kidogo. Tena protini ya maharage ina upungufu wake na ya nafaka ina upungufu wake, ila kila moja ina kile ambacho mwenzie hana, ukivila pamoja vinafidiana. Bibi zetu walipopakua wali na kunde sahani moja hawakuwa wanakosea.

Lakini kuna jambo moja nikuonye. Watu wengi wenye gauti wakiambiwa punguza nyama wanakimbilia dagaa kila siku, na dagaa wana purini nyingi, kwa hiyo kwako wewe wawe wa mara mojamoja. Maharage na kunde nazo zina purini, ndo maana utasikia mtaani watu wanakataza, ila tafiti zilizofuatilia watu wengi kwa miaka hazijaonyesha kwamba zinaleta gauti kama nyama inavyoleta, kwa hiyo kula bila hofu. Kunywa maji mengi hasa ukiwa juani bandarini. Na dawa alizokupa daktari usiziache hata kidole kikipoa, hiki chakula ninachokwambia kinaenda pamoja na dawa, hakichukui nafasi yake. Supu ya asubuhi ndo ningeanza nayo kuitoa kama ningekuwa wewe, ina chumvi nyingi, ina mafuta yanaelea juu, na presha yako haitaki vyote viwili.

SWALI: Shangazi mwanangu yuko darasa la tatu namfungia soseji mbili kila siku kwenye kontena la shule kwa sababu ndo kitu pekee analeta kontena tupu. Kuna ubaya?

JIBU: Kila siku, ndiyo, upo. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliziweka nyama za kusindika, yani soseji, bekoni, hamu na ndugu zake, kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani, hasa ya utumbo mpana. Walikadiria kwamba kila gramu 50 zinazoliwa kila siku zinaongeza hatari ya saratani hiyo kwa asilimia 18 hivi. Usitishike ukadhani soseji ni sawa na sigara, sigara inaua zaidi kwa mbali sana, hapo wanazungumzia uhakika wa ushahidi na siyo ukubwa wa hatari, na soseji ya sikukuu haimdhuru mtu. Ila tabia anayojengewa mtoto wa miaka tisa ndo atakayokuwa nayo ukubwani. Jaribu yai la kuchemsha, karanga, bajia za kunde, kachori ya viazi, viazi vitamu na chungwa. Wiki ya kwanza kontena litarudi nusu, usivunjike moyo.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mzee wako wa hapa Chuda. Nimesoma ulichoandika nikakubali nusu. Enzi zetu nyama ilikuwa ya Idi, harusi, na mgeni akija. Leo vijana wanakula kila siku, kweli. Lakini haya ya kusema nyama inaharibu mazingira naona ni habari za Ulaya na Marekani, wao ndo wanakula sana na viwanda ni vyao. Sisi Waswahili nyama yenyewe tunaipata kwa shida halafu tunaambiwa tupunguze. Hapo pana haki?

JIBU: Shikamoo baba. Swali lako nimelisoma mara mbili kwa sababu una hoja, na sitaki kuizunguka.

Ni kweli kabisa Mtanzania kwa wastani anakula nyama kidogo, kama kilo 15 kwa mwaka, wakati Mmarekani anapita kilo 100. Kwa hiyo anayetakiwa kupunguza kwanza na kwa wingi ni yule, hilo halina ubishi. Ila wastani baba unaficha mambo, ndani ya hizo kilo 15 yumo mama wa kijijini ambaye mwezi unapita hajaonja nyama, na yumo mtu wa mjini mwenye kipato anayekula mara tatu kwa siku. Huyo wa kwanza mimi simwambii apunguze kitu, tena ningependa aongezewe. Naongea na huyo wa pili, na wanaosoma safu hii wengi ni wa pili.

Sasa la mazingira. Ng'ombe ana tumbo la kucheua, ndani yake kuna vijidudu vinavyovunja majani, na vikifanya kazi hiyo vinatoa gesi ya methani ambayo ng'ombe anaitoa kwa kubeua. Gesi hiyo inapasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko hewa ukaa, ukihesabu kwa miaka 100. Mwaka 2013 shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa hesabu kwamba mifugo yote duniani inachangia asilimia 14.5 ya gesijoto zinazotokana na shughuli za binadamu, na ng'ombe ndo wenye fungu kubwa. Ardhi nayo, kule Brazil misitu ya Amazon imekatwa sana kwa ajili ya malisho. Hiyo siyo dhambi ya Mtanga, nakubali. Lakini mvua zikivurugika hazichagui nani alikula nyama nyingi, wewe mwenyewe umeona vuli zinavyokuja kwa kuchelewa au zinakuja zote kwa wiki moja zinabeba mazao.

Na hapa kwetu baba tuna ya kwetu. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, tuko miongoni mwa nchi zenye ng'ombe wengi zaidi barani Afrika, na wengi wanaishi kwa malisho ya wazi. Jua likikaza huko Handeni na Kilindi mifugo inahama kutafuta majani na maji, inaingia mashambani, na hapo ndo tunasikia wakulima na wafugaji wameumizana. Ardhi haiongezeki ila watu na ng'ombe wanaongezeka. Kilo moja ya nyama ya ng'ombe kwa wastani wa dunia inatumia maji kama lita 15,000, na nikuambie ukweli sehemu kubwa ya hayo ni mvua inayootesha majani anayokula, siyo maji ya bomba, lakini ni mvua hiyohiyo na ardhi hiyohiyo ambayo ingeotesha kunde na mbaazi kwa maji kidogo zaidi, kiasi cha robo yake hivi. Mimi simchukii mfugaji. Mkoa wetu umejaa wafugaji wadogo wa ng'ombe wa maziwa, ng'ombe wawili watatu zizini wanalisha familia kila siku bila kuchinjwa, na nadhani huko ndo tungeelekeza nguvu, ng'ombe wachache wenye afya, maziwa mengi, nyama kidogo.

Na Idi tutachinja baba, tutagawa, jirani asiye na kitu apate fungu lake, na pilau litapikwa. Nyama ya namna hiyo sijaigusa wala sitaigusa.

SWALI: Shangazi shikamoo, mimi ni mjamzito miezi mitano, niko Chumbageni. Kliniki wamenipima damu wakasema iko chini, sasa na wewe umesema tupunguze nyama. Nimsikilize nani?

JIBU: Sikiliza kliniki, mwanangu, na meza hivyo vidonge vya FEFO, vile vya madini ya chuma na foliki asidi, kila siku bila kuruka. Wewe sikukusudia, na ningelisema hilo wazi zaidi toleo lile. Mjamzito mwenye damu pungufu ale nyama anapoipata, madini ya chuma ya kwenye nyama na samaki mwili unayafyonza kwa urahisi kuliko ya kwenye mboga. Maini ni mazuri kwa damu ila kwa mjamzito yasiwe ya kila siku, yana vitamini A nyingi mno ambayo ikizidi si nzuri kwa mtoto tumboni. Halafu kitu ambacho naomba ukishike, chai usinywe pamoja na chakula, subiri saa moja au mbili, kwa sababu chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, na wanawake wengi hapa kwetu tunakunywa chai na kila kitu. Badala yake kula chungwa au kamulia ndimu kwenye mboga, vitamini C inasaidia chuma ya kwenye kunde, maharage na majani iingie vizuri. Tuko na machungwa ya Muheza hapo, tunayapita barabarani yamepangwa mafungu, tunaenda kununua juisi ya pakti.

Na mtoto akizaliwa, akifika miezi sita na kuanza kula, naye apate yai au samaki au nyama kidogo iliyosagwa kila siku, ndivyo wanavyoshauri Shirika la Afya Duniani, tumbo lake dogo na anahitaji chakula kizito. Mtoto mchanga siyo wa kupunguziwa nyama.

SWALI: Shangazi mimi nimeolewa mwaka wa nne sasa, tunaishi na mama mkwe Mikanjuni. Nilipokusoma nikafurahi, nikapika mbaazi usiku, mume wangu akaangalia sahani akauliza nyama iko wapi, mama mkwe akasema mbaazi ni ya asubuhi na kwamba kwao mwanamke akipika dengu na mbaazi usiku ina maana hela ya matumizi kaila. Nililia shangazi. Nifanyeje?

JIBU: Pole mwanangu, na usilie tena kwa ajili ya sufuria la mbaazi. Mama mkwe wako simlaumu, katika kizazi chake nyama mezani ilikuwa heshima ya mume anayetafuta, na sahani isiyo na nyama ilisomwa na majirani. Kwa hiyo wewe ulipobadilisha ghafla, tena bila kusema, yeye aliona umemvunjia heshima mwanawe.

Kwanza ongea na mume wako mkiwa wawili, usimwambie habari za mazingira siku ya kwanza, mwambie habari za presha na sukari, kila ukoo una mtu aliyepooza upande mmoja au aliyekatwa mguu kwa sukari, na mwambie na hesabu ya hela, manake kilo moja ya nyama buchani ni kilo kadhaa za maharage pale soko la Mgandini. Akikubali yeye, yeye ndo amwambie mama yake. Siyo wewe.

Pili, usiitoe nyama yote kwa mkupuo. Wengi tunakosea hapa. Chukua robo kilo badala ya kilo, ikate vipande vidogo sana, ikaange na kitunguu, thomu na tangawizi mpaka ishike rangi, halafu mimina kunde ulizochemsha zikaiva, nyanya, bilinganya, mwishoni tui. Ile ladha ya nyama inaingia kwenye kunde zote, kila mtu anapata vipande vyake viwili vitatu, na hakuna atakayeuliza nyama iko wapi kwa sababu ipo. Ndani ya mwezi unapunguza kutoka robo hadi kiganja, na siku zingine unaweka ng'onda tu, yule samaki mkavu, wa kunukisha, kidogo kwa sababu ana chumvi.

Halafu hizo mbaazi, naomba uniambie ulizipikaje, kwa sababu mbaazi za usiku zinataka kuheshimiwa. Zichambue, zioshe, ziloweke tangu usiku wa jana, yale maji mwaga. Zichemshe bila chumvi hadi uiminye moja kati ya vidole viwili ivunjike bila ubishi. Wakati zinachemka kuna nazi yako, tui la kwanza zito weka pembeni, la pili na la tatu ndo utapikia. Mimina hilo jepesi kwenye mbaazi zilizoiva, kitunguu kilichokatwa pete nyembamba, pilipili mbuzi nzima usiipasue, binzari kidogo kwa rangi, acha zichemke taratibu zivute. Sasa ndo chumvi. Tui zito liingie mwisho kabisa, koroga mfululizo upande mmoja lisije likakatika, na likitokota mara moja epua. Zikikaa dakika kumi zinakuwa nzito, zinashika wali vizuri. Weka mchicha au matembele pembeni, kachumbari yenye ndimu, na chapati kama kuna mgeni. Nazi yenyewe usiijaze kila siku, ina mafuta mazito, kwa watu wanne nazi moja ndogo inatosha na siku nyingine pika kwa nyanya tu.

Na mama mkwe muulize yeye akifundishwa na mama yake walikuwa wanapika nini siku ambazo nyama haikuwepo. Muombe akufundishe. Wamama wa umri huo wanajua mseto wa choroko, wanajua kisamvu cha kutwanga kilichochemshwa hadi sumu yake yote ikatoka, wanajua bada, ule ugali wa muhogo, na mchuzi wa pweza, wanajua vitu ambavyo sisi tumeviacha kwa sababu tuliona ni vya kimaskini. Akipika yeye, mumeo hatasema neno, atakula atashiba atasifu.

SWALI: Dada mkubwa, mbona rahisi tu, si tuhamie wote kwenye samaki? Mimi kijana wa Raskazone, bahari hii hapa.

JIBU: Kwa afya umenena, samaki ni bora kuliko nyama nyekundu na mafuta yake yanasaidia moyo. Ila bahari hii hapa haina uwezo wa kutulisha wote kila siku, mdogo wangu. Pwani ya Tanga imepigwa baruti miaka na miaka, na bomu moja likilipuka linaua wakubwa, vifaranga na matumbawe yenyewe, na matumbawe ndo nyumba na malisho ya samaki, yakivunjika yanachukua miaka mingi mno kuota tena. Tuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyopewa jina la samaki wa kale sana, tangu 2009, na vijiji kadhaa vinajitahidi kulinda maeneo yao.

Kwa hiyo kula samaki, ila uwe mnunuzi mwenye macho. Ukienda Deep Sea, pale soko la samaki, ukaona samaki wadogo ambao hawajafikia kuzaa wamepangwa fungu la rahisi, usinunue, hata kama muuzaji ni rafiki yako, ukinunua unamtuma arudi na nyavu ya macho madogo. Ukimkuta samaki nje mzima ila ndani nyama imepondeka na mifupa imevunjika, huyo huenda ni wa baruti, mwache. Dagaa wanakua upesi na kuzaliana upesi, hao wanastahimili kuliwa zaidi kuliko changu na chewa wanaochukua miaka kukua. Papa na nduaro wanakusanya zebaki mwilini, wajawazito na watoto wawaepuke. Mara mbili kwa wiki samaki, siku zilizobaki tunarudi kwenye kunde na mbaazi hukohuko.

SWALI: Kuku wa kisasa je? Nimeambiwa wanachomwa homoni.

JIBU: Kukua kwao haraka kunatokana na mbegu na chakula, siyo homoni. Kinachonipa wasiwasi mimi ni dawa za antibayotiki wanazopewa halafu wanachinjwa kabla siku za dawa kuisha mwilini, kwa hiyo nunua kwa mfugaji unayemjua. Kwa moyo na kwa mazingira kuku yuko nafuu sana kuliko ng'ombe. Wa kuchemsha au kuchoma bila kuunguza, ngozi toa, chipsi kuku ya kila jioni siyo ninachozungumzia.

SWALI: Shangazi unasema mazingira, lakini maharage yanakula mkaa! Nyama inaiva saa moja, maharage saa tatu nzima, mkaa wenyewe ndo misitu inakatwa. Halafu tumbo linajaa gesi nyumba nzima hatulali. Hapo umefikiria?

JIBU: Umeniuliza swali ambalo wataalamu wengi wanalikwepa. Ni kweli, kuchemsha maharage makavu yasiyolowekwa kwenye jiko la mkaa ni hasara ya hela na ya miti. Kwa hiyo usiyapike hivyo. Yakilowekwa usiku kucha muda wa kuiva unapungua sana, na yale maji ukiyamwaga na ukachemshia maji mapya, sehemu ya vile vitu vinavyoleta gesi inaondoka nayo. Tumbo nalo linazoea, anza na kiasi kidogo, ongeza taratibu kwa wiki kadhaa. Magadi yanaharakisha kweli ila yanaua baadhi ya vitamini B, sikushauri. Chemsha ya siku tatu kwa mara moja, gawa, weka kwenye friji kama unayo, kila siku unaunga kiasi chako. Kama mnaweza kuchanga hela mnunue presha kuka, maharage yaliyolowekwa yanaiva humo chini ya nusu saa. Kama hamuwezi, pikeni zaidi choroko na dengu za kupaaza, hizo zinaiva upesi hata kwenye jiko dogo. Ila maharage mekundu yachemke kwelikweli, yatokote si chini ya dakika kumi, yakiwa nusu mabichi yana sumu inayotapisha.

SWALI: Mimi ni mama ntilie karibu na stendi. Wateja wangu madereva na makonda, nikisema leo maharage ndo mboga kuu wanahamia kwa jirani. Unanishauri nini?

JIBU: Usitoe nyama kwenye meza yako, biashara ni biashara na una watoto wa kusomesha. Badilisha vipimo. Sahani ya wali nyama sasa hivi ina vipande vinne na kijiko kimoja cha maharage kilichowekwa kama pambo, geuza, vipande viwili na upawa mzima wa maharage ya nazi yaliyoungwa vizuri, mboga za majani ya kutosha, na bei ishushe kidogo, kwa sababu wewe mwenyewe umepunguza gharama. Dereva anaangalia sahani imejaa au haijajaa. Na asubuhi weka sufuria la mbaazi na maandazi pembeni ya supu, usiseme kitu, waache wachague wenyewe kwa bei. Wale wa gumba la mguu wataanza, nakuhakikishia wapo wengi hapo stendi. Chumvi usiweke mezani, atakayetaka aombe. Nitumie meseji baada ya mwezi uniambie sufuria gani inaisha kwanza.